Kabla Hatujawasha Mashine

Hotuba kwa wahitimu wa mafunzo ya utunzaji wa ngozi na jamaa zao

Walimu wangu, wahitimu, wazazi na jamaa mliowasindikiza, habari za asubuhi.

Nimepewa nusu saa. Nawaona wanaonifahamu wameshaanza kucheka, lakini leo nitajitahidi.

Mtu akiingia chumbani kwangu mara ya kwanza, macho yake yanakwenda kwenye mashine. Ni kubwa, ina kioo kinachowaka namba, ina mpira mnene unaoning'inia kama mkonga, na ukiiwasha inanguruma kidogo. Anaitazama, anameza mate, anaketi. Juu ya meza kuna karatasi, na sijaona hata mmoja aliyeishtukia. Ni karatasi ya kawaida, kurasa mbili. Unatumia dawa gani? Unapaka nini usoni usiku? Mara ya mwisho kukaa juani muda mrefu ni lini? Ukijikata, kovu lako hulala au huinuka? Hedhi yako inakuja kwa mpangilio? Umewahi kutokwa na vidonda vya homa mdomoni? Wateja wengi huijaza haraka haraka ili tuanze kazi. Mimi huwaambia kazi imeshaanza.

Mashine zina wasemaji wengi wa kuzisifu. Leo nimekuja kuisemea hiyo karatasi.

Nilijifunza thamani yake kwa njia mbaya. Nilikuwa na miezi saba kazini. Binti mmoja alikuja kuondolewa nywele za juu ya mdomo kwa nta, kazi ya dakika tano. Nilipima joto la nta kwenye kifundo cha mkono wangu, nikapaka, nikabandika kitambaa, nikakandamiza, nikavuta. Nilipokigeuza kitambaa kulikuwa na nywele, kama ilivyotakiwa, na pamoja na nywele kulikuwa na kitu chembamba chenye kung'aa, kama ule utando wa ndani ya ganda la yai. Nilikikodolea macho kabla akili haijaniambia ni nini. Ilikuwa ngozi yake. Wala hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Dada, zimetoka zote?"

Kumbe alikuwa na miezi mitatu anapaka krimu ya tretinoini kwa ajili ya chunusi. Dawa nzuri kabisa, aliandikiwa na daktari, na ilikuwa inamsaidia. Lakini dawa za jamii hiyo huharakisha ngozi kujibadilisha na hufanya tabaka la juu lisishikamane kama kawaida. Nta hushika unywele na hushika pia ngozi iliyokufa ya juu, na kwa mtu huyo ya juu ilikuwa imekaa kama rangi ya ukuta iliyopata unyevu. Anayepaka krimu hiyo anatakiwa aiache kwa takriban wiki moja kabla ya nta. Aliyekunywa vidonge vya isotretinoini tunamsubirisha miezi sita baada ya kumaliza dozi. Baka jeusi lilikaa juu ya mdomo wa yule binti miezi minne, na kila nilipokutana naye nililiona kabla ya kumwona yeye. Kliniki niliyokuwa nafanyia kazi haikuwa na karatasi ya maswali. Lakini mimi nilikuwa na mdomo.

Sasa tuje kwenye mwanga, maana ndio wengi mmeusubiri.

Leza ya kuondoa nywele haikati kitu. Inarusha mwanga wa rangi moja, na mwanga huo unatafuta melanini, ile rangi nyeusi au ya kahawia iliyomo ndani ya unywele. Melanini inaumeza mwanga na kuugeuza joto. Ni jambo mnalolijua bila kwenda shule: simama juani na nguo nyeusi, kisha simama na nyeupe. Joto hilo linashuka kwenye shina la unywele na kuunguza sehemu zinazoulisha. Nywele haina uhai, ina kazi ya kubeba moto tu. Tunachotaka kukiua kiko chini, kwenye kifuko chake.

Tatizo ni kwamba melanini haiko kwenye unywele peke yake. Iko kwenye ngozi pia. Kwa mtu mweupe sana mwenye nywele nyeusi, mwanga hauna pa kupotea. Unapita ngozi na kwenda moja kwa moja kwenye unywele. Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi, mwanga unakutana na melanini ya ngozi kwanza, mlangoni kabisa, kabla haujafika sebuleni. Usipouliza maswali, unauchoma mlango.

Leza za rubi zilizotumika mwanzoni mwa kazi hii, katika miaka ya 1990, zilikuwa na mwanga wa nanomita 694, nanomita ikiwa kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, na mwanga huo melanini inaupenda mno. Kwa ngozi nyeusi hazikufaa. Zikaja za aleksandraiti zenye nanomita 755, kisha za dayodi zinazocheza kwenye 800 na 810, kisha ile tunayoiita yagi, nanomita 1064. Kadiri namba inavyopanda, ndivyo mwanga unavyopenya chini zaidi na ndivyo melanini ya juu inavyoupuuza zaidi. Ndiyo maana mteja mwenye ngozi nyeusi akinipigia simu kuniuliza kuhusu kliniki fulani, simuulizi wana mashine ya kampuni gani. Namwambia awaulize mwanga wake ni nanomita ngapi. Wakijibu "ni ya kisasa sana, dada," ashukuru, aage.

Namba peke yake haitoshi. Mwaka 1983, watafiti wa ngozi R. Rox Anderson na John Parrish walichapisha wazo ambalo kazi yetu nzima imekalia mpaka leo: kwamba unaweza kuunguza kitu kimoja ndani ya ngozi na kuacha majirani zake salama, ukichagua rangi ya mwanga na urefu wa mpigo, yaani muda ambao mwanga unawaka. Rangi tumeshaisema. Mpigo ndio unaosahaulika. Chukua kikombe cha maji ya moto na sufuria kubwa ya maji ya moto, viache mezani. Kikombe kitapoa kwanza. Tabaka la juu la ngozi ni kikombe. Jembamba, linapoa upesi. Kifuko cha unywele mnene ni sufuria. Kwa hiyo kwenye ngozi nyeusi tunautoa mwanga taratibu zaidi, kwa mpigo mrefu kidogo, wa sehemu kadhaa za elfu moja za sekunde, ili kikombe kipate nafasi ya kupoa huku sufuria ikiendelea kukusanya joto. Juu yake tunaongeza ubaridi: ncha ya kioo chenye baridi, au mnyunyizo, au hewa. Mteja husema anahisi kama mpira wa kufungia noti unamchapa, halafu barafu. Akisema anahisi moto unaobaki, tunasimama. Simwambii mtu avumilie. Maumivu yanayokaa ni ngozi inayozungumza, na ina haki ya kusikilizwa kuliko ratiba yangu.

Nani ana ngozi ya aina gani? Mmefundishwa kipimo cha Fitzpatrick, kinachopanga ngozi kwa jinsi inavyolipokea jua, aina ya kwanza mpaka ya sita. Pengine hamkuambiwa kwamba Fitzpatrick alipokibuni mwaka 1975 kiliwahusu watu weupe tu, aina nne, na lengo lilikuwa kukadiria dozi ya mwanga wa tiba. Ngozi za kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye. Kwa hiyo aina ya tano na ya sita zimebeba watu wengi mno kwa pamoja, kama chumba cha mwisho kilichojengwa nyumba ikiwa imeshaisha. Nimekutana na dada wawili, mama mmoja baba mmoja, rangi ile ile kwa macho, mmoja ngozi yake inaweka baka jeusi hata kwa kuumwa na mbu, mwingine wala. Kipimo kiliwaweka pamoja. Karatasi iliwatenganisha, kwa swali moja: chunusi ikipona inakuachia nini?

Baada ya karatasi kuna jaribio. Tunachagua sehemu ndogo, kama ukubwa wa sarafu, karibu na pale tutakapofanya kazi, tunapiga mara chache, tunamruhusu aende. Kwa ngozi nyeusi mimi huacha wiki moja mpaka mbili, kwa sababu baka halina haraka ya kujitokeza. Leo ngozi ni safi, kesho safi, siku ya sita unaona kivuli. Wateja hawapendi kusubiri. Yupo aliyeniambia kwamba nina roho ya mwalimu wa hisabati. Nilimjibu kwamba hilo ni mojawapo ya mambo mazuri niliyowahi kuambiwa, na bado akasubiri.

Kuhusu kusubiri, niwaeleze kwa nini mara moja haitoshi, maana huko nje kuna matangazo yanayoahidi vingine. Kila unywele una zamu zake. Kuna zamu ya kukua, kuna kipindi kifupi cha kusinyaa, kuna zamu ya kulala, kisha unadondoka na mwingine unaanza. Leza inaushika vizuri unywele ulio kwenye zamu ya kukua, kwa sababu hapo ndipo umeungana barabara na mzizi wake na una melanini ya kutosha. Kichwani, nywele kama 85 mpaka 90 katika kila 100 zinakua kwa wakati mmoja. Miguuni na mikononi ni chache zaidi, zilizobaki zimelala, na huwezi kumchoma aliyelala chini ya kitanda. Ndiyo sababu tunamrudisha mtu mara sita, mara nane, wakati mwingine zaidi, usoni kila baada ya wiki nne mpaka sita, mwilini wiki sita mpaka nane. Na hata baada ya hapo neno sahihi ni kupunguza kwa kudumu. Zitapungua sana, zitakuwa nyembamba, na baadhi zitarudi. Ukimwambia mteja "hutaziona tena maisha yako yote," umemdanganya, na atakuja kukuambia.

Jambo moja linaloleta simu nyingi usiku: wiki moja hivi baada ya leza, nywele huonekana kama zinaota upya, vijiti vyeusi vinajitokeza. Nyingi hazioti. Ngozi inazisukuma nje mashina yaliyoungua. Zikisuguliwa taratibu kwa kitambaa wakati wa kuoga zinateleza zenyewe. Mwambieni mteja kabla hajaondoka, mtalala usingizi.

Kabla ya leza, wembe ni sawa, hata jana yake, tena tunapendelea hivyo ili mwanga usiishie kwenye nywele za juu. Ila asing'oe kwa kibano, uzi wala nta kwa wiki nne zilizotangulia. Ukiung'oa umeondoa kibeba moto chetu, mwanga unashuka chini unakuta chumba kitupu.

Hapo nimwingize mama mmoja niliyempokea miaka michache iliyopita. Simtaji, na nimebadilisha mambo machache asijulikane. Alikaa kwenye kiti changu mkono ukiwa kidevuni, kama mtu anayewaza. Alizungumza hivyo dakika kumi nzima, mkono haujashuka. Nilipomwomba auondoe niangalie, aliangalia mlango kwanza. Alikuwa na nywele ngumu kidevuni na chini ya taya, na katikati yake madoa na makovu madogo madogo ya kibano. Alikitoa kibano chenyewe kwenye mkoba akanionyesha, rangi ya chuma imeng'aa pale vidole vinaposhika. Alikuwa anaamka alfajiri kabla ya mumewe, miaka tisa.

Alitaka leza siku ile ile. Kwenye karatasi aliandika kwamba hedhi inakuja baada ya miezi mitatu, wakati mwingine minne, na akaongeza kwa kalamu nyingine, "lakini hilo nimezoea."

Nywele nyingi na ngumu kidevuni, kifuani au chini ya kitovu kwa mwanamke, pamoja na hedhi iliyovurugika, zinaweza kuwa dalili ya homoni. Sababu inayoonekana mara nyingi ni ile hali madaktari wanayoiita kwa herufi PCOS, inayowapata takriban mwanamke mmoja katika kila kumi walio katika umri wa kuzaa, na inayohusiana na ugumu wa kushika mimba na hatari ya kisukari. Leza ingechoma zilizopo na homoni ingeamsha nyingine, na yeye angenilipa kwa miaka bila kujua mwili wake unamwambia nini. Na kuna jingine. Usoni na shingoni, hasa kwa wanawake wenye ngozi nyeusi na matatizo ya homoni, mwanga ukiwa dhaifu unaweza kuamsha nywele badala ya kuziua, zikatoka zaidi ya mwanzo. Nimeona kwa macho yangu kazi ya aina hiyo iliyofanywa mahali pengine, na si jambo la kumweleza mtu kwa simu.

Nilimwandikia barua ya kumpeleka kwa daktari. Alikasirika. Alisema amekuja kliniki ya urembo, hakuja hospitali. Akaondoka na kibano chake. Alirudi baada ya miezi mitano, ana vipimo, ana dawa, na tukaanza.

Nina wasiwasi kuna kijana hapa anayejiambia kwamba hizi ni hofu za wazee wa kazi. Basi sikilizeni. Mwaka 1896, mionzi ya eksirei ikiwa haijatimiza hata mwaka tangu mgunduzi wake, Röntgen, aitangaze, daktari wa Vienna aitwaye Leopold Freund aliitumia kwa mtoto wa kike wa miaka mitano aliyekuwa na alama kubwa ya kuzaliwa yenye nywele mgongoni. Nywele zilidondoka. Watu walishangilia. Kisha mgongo ukatoka kidonda kibichi kilichokataa kufunga. Ungedhani funzo limepatikana, lakini katika miaka ya 1920 mashine za eksirei za kuondoa nywele zilienea kwenye saluni za Marekani. Mwanamke aliketi, akaweka shavu kwenye dirisha dogo, mashine ikalia kidogo, ikazima. Haikuuma. Haikunuka. Nywele zilitoka kweli kweli. Miaka ilipopita, ngozi za mashavu na videvu zikasinyaa, zikawa na mabaka, na kwa baadhi yao ikaja saratani. Kila mara mtu akinisifia mashine kwa kuwa haiumi hata kidogo, nakumbuka lile dirisha.

Na maumivu yenyewe nayo yana hadithi. Kuna krimu za ganzi zenye lidokaini. Zikitumika kidogo, sehemu ndogo, zinasaidia. Mwaka 2007 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari baada ya vifo vya wasichana wawili, mmoja wa miaka 22 na mwingine 25, waliopaka krimu kali ya ganzi miguuni kabla ya leza, kisha wakaifunika kwa karatasi ya nailoni kama walivyoelekezwa. Nailoni na joto huifanya ngozi inyonye dawa kwa wingi, dawa ikaingia kwenye damu, ikafika kwenye moyo na ubongo. Walitaka miguu laini. Mteja akija kwako amejipaka ganzi nyumbani toka kiunoni mpaka kwenye vifundo vya miguu, mfute, mkalishe, mwangalie, na siku hiyo usifanye kazi yoyote.

Sasa krimu. Nimeiacha hapa katikati kwa makusudi kwa sababu ndipo watu huanza kutazama saa.

Mteja anayejichubua hasemi. Karatasi inauliza "unapaka nini," yeye anaandika "losheni." Inabidi muwe na jicho. Angalieni maungio ya vidole: yakiwa meusi huku mgongo wa mkono ni mweupe, mmeshajua. Angalieni michirizi mipana mapajani kwa mtu ambaye hajawahi kunenepa, mishipa midogo myekundu kwenye mashavu, ngozi inayong'aa kama imepigwa pasi. Hizo mara nyingi ni dalili za steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe zinazotiwa kwenye krimu za kujichubua, na ngozi iliyolainishwa na steroidi inachanika kwa nta na inababuka kwa asidi ya kawaida kabisa ya kuchubua uso. Akiacha ghafla uso unaweza kulipuka vipele na wekundu, akadhani krimu ndiyo iliyokuwa inamlinda, akairudia. Haidrokwinoni, dawa ya kufifisha rangi ya ngozi, ikitumika miaka bila usimamizi inaweza kuacha weusi wa bluu usoni ambao hakuna anayejua kuufuta vizuri. Zebaki ni mbaya kuliko zote. Inakwenda kwenye figo, na inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, uliweka vipodozi vyenye zebaki kwenye orodha ya vitu vya kuondolewa sokoni. Lakini chupa hazisomi mikataba. Ukikuta kipodozi kimeandikwa kisigusane na dhahabu, fedha wala alumini, jiulize kwa nini cha kupaka usoni kinaogopa pete. Hiyo ni dalili inayojulikana ya zebaki.

Naomba msiwatukane watu hawa. Mtu aliyefika kwenye mkorogo amesikia maneno mengi kuhusu rangi yake kabla ya kukusikia wewe. Mwambie tu ngozi yake sasa hivi haiwezi kubeba leza wala asidi, mpeleke kwa daktari aachishwe taratibu kama ni steroidi, mpe kinga ya jua na mafuta ya kulainisha yasiyo na manukato, mpangie siku ya kurudi. Hiyo nayo ni huduma, hata kama mashine haikuwashwa.

Utunzaji wa uso wenyewe, ule ambao watu wanauita fesho, sitaufafanua sana kwa sababu mmeufanya mpaka mmeota nao. Osha, lainisha, kamua kilicho tayari kukamuliwa na uache ambacho hakijawa tayari. Ukikilazimisha kipele kilichofunga, kinapasuka kwa ndani, na unamzalishia mtu kovu kwa mikono yako. Asidi za kuchubua tabaka la juu, ya glaikoliki au ya salisiliki, zinasaidia madoa na chunusi zikianzwa chini na kupandishwa taratibu. Kwenye ngozi nyeusi, anayeanza na kali ili aonekane mjuzi ataishia kutibu weusi aliousababisha mwenyewe.

Kinga ya jua nitaizungumza hata kama mmechoka. Yenye namba 30 huzuia kama asilimia 97 ya miale ya UVB, yenye 50 kama 98. Tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyofikiri. Tofauti kubwa iko kwenye kiasi kinachopakwa. Wengi wanapaka kama wanapaka manukato. Mistari miwili kamili, ya kidole cha shahada na cha kati, kwa uso na shingo, na arudie baada ya saa mbili akiwa nje. Na kwa wenye madoa meusi, hasa yale ya mashavuni, ile kinga yenye rangi ndani yake, yenye oksidi ya chuma, ni bora zaidi, kwa sababu mwanga wa kawaida tunaoonea vitu nao huamsha weusi kwenye ngozi nyeusi, na kinga nyingi zisizo na rangi hazina habari nao.

Wanaume mmecheka tangu mwanzo, sasa zamu yenu. Vipele vya ndevu si uchafu. Unywele uliojisokota ukikatwa chini kabisa kwa wembe, ncha yake iliyochongoka inajikunja na kurudi ndani ya ngozi, na mwili unaushambulia kama mwiba. Acha milimita moja. Tumia mashine badala ya wembe, usivute ngozi unaponyoa, usikwangue mara mbili mbili. Ambaye kazi yake inamlazimisha kunyoa laini, hapo leza ya nanomita 1064 ni rafiki wa kweli.

Nimeona mikono imeinuliwa. Nachukua mitatu.

Kaka ameuliza kama unaweza kupiga leza juu ya tatuu. Hapana. Wino unaumeza mwanga kuliko unywele, na mteja anatoka na malengelenge yenye mchoro ule ule. Tunaifunika, tunapita mbali.

Dada ameuliza kuhusu nyusi. Juu, katikati, sawa. Chini ya nyusi, ndani ya mfupa wa jicho, mimi sipigi leza hata mteja akiwa amevaa kinga. Jicho lina melanini pia, na macho hayana vipuri. Tumia uzi.

Na mama pale nyuma, shikamoo, ameuliza kuhusu nywele nyeupe za kidevuni, zile tatu nne zinazokuja na umri. Mama, leza haizioni. Hazina melanini, mwanga unapita kama hakuna mtu. Dawa yake ni sindano ya umeme. Ilianza kwa daktari wa macho wa St. Louis, Charles Michel, mwaka 1875, alipokuwa akitafuta namna ya kuziondoa kope zilizogeukia ndani na kukwaruza jicho. Tunaingiza sindano nyembamba kwenye kitundu cha unywele mmoja, tunapitisha umeme kidogo, mzizi unakufa, tunautoa kwa kibano bila kuvuta. Kisha unaofuata. Haijali rangi ya ngozi wala ya unywele, ila ni mmoja mmoja, na inachosha. Zako ni nne, tutazimudu. Utakuja mara kadhaa, utalala kwenye kitanda changu, na nitakuuliza maswali kwanza, kurasa mbili. Njoo na miwani ya kusomea.